Joho la Kaki

Kibokoni, Mombasa
14 Juni 1965

Kwa bwanangu Aidarus, baba Esha,

Nakuamkia kwa heshima na kwa hamu. Huku hatuna ugonjwa ila meno ya mwanao. Mawili yametoka chini, na la tatu yuwalitafuta kwa kuuma kila kitu, hata ukingo wa kitanda. Mamako mzima, ni magoti tu na upepo huu wa kusi, na ulimi wake nao mzima, alhamdulillahi. Asema ule vizuri na usikae na watu wasiosali.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Tajiri wako Bwana Noormohamed amekubali kukitia kwenye makasha ya dawa yanayokwenda duka lake la Voi. Usikifungue mbele ya watu, maana nimetia asumini kavu mifukoni, watakucheka.

Ni koti, baba Esha. Nimelishona mwenyewe kwa cherehani ya mkono ya mama. Uliponiandikia kwamba kwenye barabara ya Taveta upepo wakupiga kifuani mpaka watoka machozi, chakula hakikunipita. Nikanunua kaki nzito, nikakaa siku mbili nalitazama tu lile kaki, nisijue nilikate vipi. Makoti ya kizungu yanabana, mtu akaonekana kama aliyefungwa akapelekwa sokoni. Mimi nguo niliyokupenda nayo zaidi ni lile joho ulilovaa siku ya harusi, ulipoingia ndani na watu wote wakakugeukia. Basi nimelikata kama joho. Pana, refu kupita magoti, mikono mipana, mbele wazi na vifungo viwili vya juu, ili ukiketi juu ya pikipiki lisikubane. Sisi tunajua nguo pana ndiyo inayoshindana na upepo, maana hupita ndani ukatoka zake, usikusumbue.

Fatemabai, mke wa Noormohamed, alipoliona akacheka. "Mama Esha, hii koti ya mtu moja ama ya familia?" Nikamwambia ya mtu mmoja anayependwa. Akanisaidia kutia vifungo.

Na yeye ndiye aliyenambia kwamba mumewe hajasahau ahadi. Yule mzee anayepeleka karatasi na vifurushi Kilindini ataacha kazi kusi likimalizika, na atakayeletwa mahali pake ni wewe, maadamu pikipiki ya Voi huiangushi. Ya Mombasa ni mpya, asema, hataki kumpa mtu anayeanguka. Baba Esha, nakuomba usianguke. Ulimwacha mtoto hajui hata kushika kidole. Sasa ajua kuvuta nywele. Nataka azivute zako.

Mkeo,
Mwanatumu


Voi
25 Juni 1965

Mama Esha, mke wangu mpenzi,

Kifurushi kimefika na sikukifungua mbele ya watu. Nilikifungua chumbani, mlango nimeutia komeo. Ile harufu ya asumini ilipotoka nikaketi juu ya sanduku. Chumba hiki hakina harufu nyengine ila mafuta ya taa na vumbi.

Koti limenikaa. Asubuhi nilipotoka nalo, Fondo, huyu Mgiriama ninayegawana naye safari za dawa na vipuri, alinizunguka kunitazama. "Sharifu, wenda kuozesha au wenda Taveta?" Nikamwambia una wivu tu, huna wa kukushonea. Akasema, "Ninao wawili, na wote wanataka nirudi mzima." Tulicheka sana.

Waniuliza habari za upepo. Upepo wa huku si kama kusi la kwetu, linalovuma toka asubuhi mtu akajua yuko nalo. Huu hujificha. Barabara yapita chini ya vilima, na kati ya kilima na kilima pana pengo. Wenda kimya, jua kali, nyasi hazitikisiki, kisha ghafla dharuba yatoka kwenye pengo kama ng'ombe aliyekata kamba. Pikipiki husogea upande kabla hujajua umepigwa na nini. Mgeni hapo hukaza mikono, na hapo ndipo anapoanguka, maana akikaza, mwili ukiyumba usukani nao unayumba, na pikipiki humfuata yeye badala ya kufuata barabara. Fondo anifundisha kubana tangi kwa magoti, viwiko nivilegeze, na usukani niushike kama unavyomshika Esha ukimwogesha, asiponyoke wala asiumie. Dharuba ikitoka kulia, niusukume mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani. Pikipiki yenyewe italala upande ule ule wa upepo, na tutakwenda tumeuegemea.

Kigumu si upepo kuja, ni upepo kukatika. Lori likinipita, au kilima kikiingia kati, kile nilichokuwa nimekiegemea hakipo tena. Ninakuwa kama mtu aliyeegemea mlango na mwenye nyumba akaufungua.

Lakini usiogope. Koti lanikinga, na ninalivaa kila safari. Mwambie Fatemabai amwambie mumewe pikipiki yake haina hata mkwaruzo.

Mumeo,
Aidarus


Kibokoni
13 Julai 1965

Baba Esha,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelainika. Yale ya upepo nilimsomea mamako. Akauliza, "Kwani hakuna barabara nyengine?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi hao waliojenga mji huko hawakuwa na akili.

Ujue juzi nilifanya nini. Nimeketi juu ya kigoda, nikabana kinu kwa magoti, nikashika mpini wa ufagio, nikalegeza viwiko, nikawa nalala huku na huku nione unavyokaa huko. Mara mamako huyo mlangoni. "Mwanatumu, una nini?" Nikasema naegemea upepo, mama. Akarudi alikotoka.

Maulidi yamepita. Wanaume walishuka njia yetu wakipiga matwari, na wanawake wote tuko juu madirishani. Kila mmoja yuwatafuta kichwa cha wake kati ya zile kofia. "Yule pale wangu!" "Wako kakonda!" "Huyo amekonda kwa kupika kwako!" Walicheka, nami nikacheka nao, na mimi nikatafuta. Najua huko Voi uko, lakini macho hayajui. Nilimwinua Esha aone, nikamwonyesha kofia ya mtu nisiyemjua, nikamwambia baba. Usinikasirikie. Ilikuwa kofia nzuri, iliyodariziwa vito, kama ile yako.

Kakangu Kamaludin apita na ile skuta yake akitoka kazini bandarini, na Esha akiisikia tu hunyoosha mikono miwili. Kamaludin adhani ampenda yeye.

Sasa sikiza. Kwa kuwa wasema upepo wakupiga ghafla, nimekushonea na kitambaa cha mabegani, kipana kama nusu ya kanga, cha kaki lile lile. Kifunge shingoni juu ya koti, kikuangukie mgongoni mpaka kiunoni. Hapo upepo hautapata pa kuingilia. Nimekitia kwenye kasha la wiki hii.

Nina furaha kwamba unalivaa. Nikiwa nafua, nikiwa napika, najua mgongo wako una kitu changu.

Mkeo,
Mwanatumu


Voi
22 Julai 1965

Mama Esha,

Nimepata barua na kile cha mabegani, ahsante. Nimechelewa kujibu kwa wingi wa kazi. Mwandiko utanisamehe, meza mbovu.

Niko salama. Priscah, mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, ananipa uji asubuhi na jioni, kwa hivyo usiwe na wasiwasi wa chakula. Koti nimelitia sandukuni kwa sasa, jua limekuwa kali.

Nakuomba usinishonee tena kitu. Wajichosha.

Mbusu Esha.

Aidarus


Kibokoni
2 Agosti 1965

Kwa Aidarus,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza nilikuwa mpole, ya pili nikawa mkali, zote nimeziwashia jiko. Sasa naandika nilivyo.

Priscah ni nani? Uji asubuhi na jioni hupewa mgonjwa au mtu wa nyumbani. Ugonjwa hukunambia. Na wewe uji hukuupenda hata mwezi wa Ramadhani, mamako mwenyewe aapa. Barua yako fupi kuliko karatasi ya duka. Hukuuliza la tatu kama limetoka. Limetoka.

Mamako nilimsomea, nikaruka pale pa uji, lakini yeye ana masikio ya paka. "Mbona umemeza mate hapo? Rudia." Nikarudia. Akatia tambuu kinywani, akasema, "Mwanamume akilivua koti la mkewe kwa sababu ya jua, basi nami nilizaliwa jana." Kisha akaona uso wangu, akasema pengine jua kweli kali.

Mimi sikusoma sana, wajua. Nilitolewa shule nikiwa ndio kwanza nashika kalamu vizuri, na haya ninayokuandikia nayapata kwa kubahatisha. Maneno mazuri ya kumvuta mtu sina. Nilichokuwa nacho ni mkono na cherehani, nikaviweka vyote ndani ya lile koti, na wewe umelitia sandukuni.

Nyumba hii mchana ina kelele za jirani na wauza maji na watoto wa chuo cha Kurani, na mimi ndani yake niko peke yangu kama kitu kilichosahauliwa rafuni. Sikulaumu, ni riziki imekupeleka. Lakini nipe kitu kimoja. Livae. Jua kali, lisiwe kali, livae, pamoja na kile cha mabegani. Unapokwenda Taveta, ile safari yako ndefu ya Jumatatu, livae uniandikie kwamba umelivaa, nami nitajua ningali mkeo. Sitauliza tena habari ya uji.

Mwanatumu


Voi
8 Agosti 1965

Mke wangu,

Priscah ni bibi wa Kitaita mwenye wajukuu wasio na idadi na meno machache kuliko Esha. Nilipomsomea pale ulipoandika jina lake alicheka mpaka akashika mlango. Anasema kama unataka kumpa mume atakubali, lakini awe anajua kupasua kuni.

Nimekukosea kwa ile barua fupi. Hukunikosea wewe. Ninalitoa koti sandukuni leo, ninalitundika mlangoni nilione. Jumatatu hii nitalivaa, na inayokuja pia, na kile cha mabegani juu yake. Niamini. Hakuna siku niliyolivua kwa sababu ya kukuchoka.

Kusi limebakisha wiki chache. Nikizimaliza hizi, ninakuja Kilindini, na jioni nitakuwa nikirudi nyumbani kwa njia ya Bondeni, nipige honi Esha anisikie. Ninafikiri habari hiyo tu.

La tatu limetoka juu au chini?

Mumeo,
Aidarus


Kibokoni
12 Agosti 1965

Baba Esha,

Livue. Ukiisoma barua hii umelivaa, livue kabla hujasoma mstari wa pili.

Leo asubuhi ililetwa habari kwamba shangazi Sheikha ameanguka uani kwake Changamwe. Basi lilikuwa limekwisha kupita, na Kamaludin alikuwa hapa na skuta. Akasema, "Panda nyuma, dada, tutafika sasa hivi." Mamako akashika kiuno. "Buibui juu ya skuta! Watu wa Kibokoni watapata la kusema mpaka Idi." Lakini ni shangazi, akamchukua Esha. Nikapanda.

Mjini njia ilikuwa nzuri, hata nilifurahi. Nilijua sasa unavyouona ulimwengu, vitu vyote vyaja mbio kisha vyakupita. Tukafika kwenye daraja la Makupa, bahari huku na huku, na hapo kusi likaja kwa ubavu. Si kusi la dirishani. Liliingia ndani ya buibui langu kwa chini, likalijaza, na buibui likainuka likawa kubwa kuliko sisi wote wawili pamoja na skuta. Halikupita likatoka. Aidarus, halikutoka! Lilikaa mle ndani likavuta. Nikahisi ninavutwa nyuma na upande pamoja, na Kamaludin yuwavutwa na mimi, na skuta yavutwa naye, tukawa tunakwenda kwenye ukingo kama tunaopelekwa na mtu. "Kusanya nguo!" alipiga kelele. "Kusanya nguo, Mwanatumu, utatuua!" Mbele yetu lori laja. Nikaachia kiuno chake mkono mmoja, nikavuta nguo yote nikaikalia, nikaibana kwa mapaja. Lori likapita, upepo ukakatika ghafla, na sisi tuliokuwa tumeuegemea tukaangukia kule kule kulikokuwa na lori. Tulipita nyuma yake, pembeni kabisa.

Kamaludin alisimamisha skuta ng'ambo. Akacheka hovyo. "Dada, umenifungulia mwavuli mgongoni." Kisha akasema ndiyo maana wenye pikipiki huvaa nguo ya kubana, na mwengine hujifunga kamba kiunoni. Kila mtu ajua, asema.

Mimi sikujua. Mwavuli umeuvaa wewe, na mimi ndiye niliyekushonea, nikauongezea kile cha mabegani. Nguo pana yamfaa mtu anayekwenda kwa miguu yake, akisimama barazani, akisalimiana na watu. Mimi nilikukatia joho la barazani.

Sasa najiuliza ile barua ya meza mbovu. Ulianguka? Nambia kweli. Ile siku uliyolitia sandukuni, ulikuwa umeanguka, na mimi nikakugombeza kwa jua na uji.

Kasha la dawa laondoka leo jioni na treni. Nimeiandika hii nikiwa nimesimama, Kamaludin yuwangojea aipeleke. Naomba ikukute kabla ya Jumatatu. Usilivae, baba Esha. Nitajua ningali mkeo hata ukiwa umevaa gunia.

Mwanatumu

Shangazi Sheikha ni mguu tu, hajavunjika.


Voi
18 Agosti 1965

Kwa Mama Esha,

Salamu kwako na kwa mama wa Aidarus. Mimi ni Fondo, mwenzake. Nasema kwanza kabisa ili usisome kwa pumzi moja. Yu hai.

Jumatatu alitoka mapema kabla duka halijafunguliwa. Kasha lililokuwa na barua yako lilifika tangu Ijumaa likawekwa stoo, kwa sababu karani alikuwa kwao. Lilifunguliwa Jumatatu, yeye akiwa ameshapita Mwatate. Nilipoona bahasha yenye mwandiko wako niliitia mfukoni, nikasema atasoma akirudi. Sikujua kilichokuwa ndani, ningemfuata.

Alipigwa na upepo mbele ya Maktau. Wenye lori lililokuwa nyuma walimwona. Wanasema lile koti liliinuka likamfunika kichwa, na pikipiki ikatoka barabarani kama iliyoitwa. Amevunjika mfupa wa bega la kulia na amechubuka upande mzima. Kichwa kizima, na midomo mizima, maana amenigombeza kwa kuchelewa kumpelekea tambuu.

Mama, mimi sipendi kuficha. Aliwahi kuanguka mwezi wa Julai, akaumia kifundo cha mkono na kinywa kikavimba, hata chakula kigumu hakikupita. Tuliinyoosha pikipiki wenyewe, dukani hatukusema. Na siku ya kwanza kabisa alipotoka na lile koti nilimwambia wazi, bwana, hilo litakuua, livae ukienda msikitini. Akaniambia, "Funga mdomo wako, limeshonwa na mke wangu." Safari hii nilimwambia tena. Akasema ameahidi.

Barua yako nilimsomea hospitalini. Alicheka pale pa mwavuli. Kisha alinipa mgongo, nikatoka nje.

Bwana Noormohamed ameletewa habari. Pikipiki imepinda shingo. Wajua mwenyewe maana yake.

Mimi,
Fondo


Voi
29 Agosti 1965

Mama Esha,

Mkono wa kushoto huu. Herufi zalewa, zivumilie.

Ya Fondo yote kweli. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukisikia nimeanguka utaona Kilindini imekwenda, na nilikuwa nataka uwe nayo hata kwa wiki chache. Sasa imekwenda kweli. Noormohamed ameandika kwa upole, amempa kazi kijana anayeitwa Latif. Mimi nikipona nitakaa stoo ya hapa Voi, kufungua makasha na kuyafunga. Mpaka lini hakusema, nami sikuuliza. Ukiniuliza nitakuja siku gani, sina siku ya kukupa. Nimetafuta na sikuiona.

Usilaumu koti. Fondo alinieleza mapema na nikamwelewa, mimi si mpumbavu. Lakini nisikize, maana jambo hili sijamwambia mtu. Barabara ile ni ndefu na hakuna nyumba. Kutoka kilima hiki mpaka kile husikii sauti ila ya mtambo. Nikilivaa, upepo ukiingia likajaa mgongoni, lilikuwa likinivuta mabega kwa nyuma, hivi, kama mtu aliyeketi nyuma yangu amenishika. Nilijua ni upepo. Nilijua na kwamba ni hatari. Nilikuwa nalegeza viwiko kama nilivyofundishwa, na najisemea yupo. Siku nilizolitia sandukuni nilikwenda imara, sawasawa, wala pikipiki haikuyumba, na nilikuwa naona ile barabara haina mwisho.

Basi ndiyo hivyo. Walilikata kwa mkasi kunitoa. Kipande cha mkono kingalipo.

Usinijibu kwa haraka. Kaa na mama, mlee mtoto. Kama wazee wataona uwe huru usiningoje, sitakuwa na la kusema.

Aidarus


Kibokoni
5 Septemba 1965

Baba Esha,

Karatasi yenye maneno yako ya mwisho, ya kuwa huru, nimeikunja nikaitia chini ya mguu wa kabati linaloyumba. Huko itafanya kazi.

Nalilia Kilindini, sikufichi. Nililia siku moja nzima. Nilikuwa nimekwisha kupanga utakapotundika kofia. Fatemabai alipokuja kusema pole sikuweza kumpa hata kiti, alisimama tu akimshika Esha, akasema, "Mimi alisema na bwana yangu, yeye hapana sikia." Akalia yeye pia. Hana ubaya yule.

Halafu nikasoma tena pale unaposema ulijua ni upepo. Nikaisoma nikiwa peke yangu jikoni. Mimi huku nalikuwa nikijifariji kwamba mgongo wako una kitu changu, na wewe huko ukikifanya kile kitu kuwa mimi, na kumbe sisi wawili tulikuwa tumeukumbatia upepo mmoja, kila mtu upande wake, na ukataka kukuua. Baba Esha, hii si akili. Mtu ana mke, mke ana miguu.

Nikamwendea mamako. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, nilijua atasema mtoto mchanga, bara kuna baridi, mke hukaa nyumba ya mumewe akangoja, mimi nalingoja, mamangu alingoja. Nikaanza, "Mama, nataka..." Akanikatiza. "Mkono gani umevunjika?" Nikasema ni bega la kulia. Akafikiri. "Basi hawezi kujifunga kikoi wala kujitilia maji. Nani amfunga kikoi huko, yule bibi wa uji?" Nikasema sijui. "Wenda wewe. Wangoja nini hapo mlangoni?" Nikamwuliza yeye atakaa na nani. Akasema nyumba hii ameingia akiwa mwari, kuta zamjua.

Nguo za Esha amezifua, zikakauka, akazifua tena. Jana nimemkuta amempakata, yuwamwonyesha dirishani kila kitu kwa jina lake, paa, kunguru, mnara, kama anayemfungia akiba. Moyo wanikatika kwa upande ule, nakwambia. Kamaludin ameahidi kulala hapa mpaka tujue la kufanya, lakini Kamaludin si wewe, wala mimi si wewe.

Tunakuja na treni ya Alhamisi. Usije stesheni kama bega lauma. Nitashuka na mtoto na tita moja na sufuria, nitawauliza watu. Mwambie Priscah kuni nitapasua mimi. Mwambie Fondo namshukuru, na kwamba ningemsikiliza. Sina hakika tutaishije huko. Ukifunga makasha mimi naweza kushona, na watu wa Voi nao wavaa nguo. Nitazishona za kubana.

Nataka kujua jambo moja tu, nimwambie mamako alale. Hicho chumba chako kina dirisha linalofungika? Kama halifungiki si neno, acha lilivyo. Nitaliziba nikifika.

Mkeo,
Mwanatumu

La tatu lilitoka juu. La nne utaliona mwenyewe.